Bia Nzito za Kiskoti Mezani Mwanza: Uagize Ipi?

Ndugu yako yuko njiani kurudi kutoka Uingereza au Marekani. Amepiga simu kuuliza akuletee nini, na wewe umeshachoka kuletewa tisheti. Mwambie bia. Lager asihangaike nayo, zimejaa hapa mjini, na TBL wana kiwanda chao hapa hapa Mwanza. Mwambie akubebee ile bia nzito ya Kiskoti, ya rangi ya damu ya mzee kuelekea weusi, yenye kilevi cha asilimia 7 hadi 9, inayopikwa na viwanda vidogo na kuuzwa kwa jina la Scotch ale au wee heavy. Atakuuliza: ipi sasa? Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu ziko nyingi, hazifanani, na sanduku la ndege lina kilo zake.

Hapa nazilinganisha nne: Traquair House Ale na Skull Splitter, ambazo zinatoka Uskoti kwenyewe, na Dirty Bastard na Old Chub za Marekani. Nimeziweka pia kando ya zile nyeusi zinazopatikana baa zetu, Guinness na Castle Milk Stout. Mnywaji wa Mwanza atazielewa haraka akiambiwa ziko upande gani wa kitu anachokijua.

Bia yenyewe

Mtu akisikia Uskoti na pombe, akili inakimbilia wiski. Iweke wiski pembeni. Hii ni bia ya shayiri kama nyingine, ila mpishi wake ameweka kimea bila kuhesabu, na kwenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, akawa na mkono wa birika. Kinachochemshwa kina sukari nyingi ya kimea, na kinachemshwa muda mrefu. Wapo wapishi wanaochukua sehemu ya maji ya kwanza, yale matamu kuliko yote, wakayachemsha peke yake mpaka yapungue na kuanza kugeuka karameli, ndipo wakayarudisha kwenye pipa kubwa. Hamira nayo huachwa ifanye kazi kwenye ubaridi, polepole, na haiimalizi sukari yote. Ndiyo maana bia hii inajaa mdomoni, ina utamu usio wa soda, na uchungu wake uko kwa mbali. Kwa vigezo wanavyotumia majaji wa mashindano ya bia, kilevi kinaanzia asilimia 6.5 na kuishia 10, na uchungu unatakiwa ubaki kati ya 17 na 35 kwenye kipimo cha IBU.

Waskoti wa karne ya 19 walikuwa wakizitaja bia zao kwa bei ya pipa: ya shilingi 60, ya shilingi 70, ya shilingi 80. Kadiri shilingi zilivyopanda ndivyo bia ilivyokuwa kali. Mtanzania hawezi kuacha kutabasamu akiona 80/- kwenye lebo ya bia ya kizungu. Jina la wee heavy lenyewe lilivuma kupitia kampuni ya Fowler's ya mji wa Prestonpans, karibu na Edinburgh, iliyokuwa ikiuza bia yake kali kwenye vichupa vya kama theluthi ya painti, yaani chini ya mililita 200. Kumbuka ukubwa wa hicho kichupa, maana chini huko kuna hesabu.

Jambo jingine ni moshi. Watu wengi, pamoja na wapishi wa bia wenyewe, wanaamini Scotch ale lazima inuke moshi kama wiski za kisiwa cha Islay, huko huko Uskoti. Bia za asili za Uskoti hazina moshi huo. Waliouingiza ni wapishi wa viwanda vidogo, hasa Marekani, waliotaka neno Uskoti lisikike mpaka puani. Sina ugomvi na moshi, sisi ni watu wa samaki wa kubanikwa. Lakini ukiwa mwingi unafunika kila kitu, na bia ya kimea iliyofunikwa isionekane kimea ni hasara tupu.

Baridi au ya moto?

Kaa baa yoyote Kirumba au Igoma, mhudumu kabla hajafungua chupa atakuuliza: "Kaka, baridi au ya moto?" Swali hili limegawa familia. Kwa Scotch ale, kila upande una nusu ya haki.

Friji ya baa, ile iliyowekwa mpaka mwisho ili chupa itoe jasho, inaiua bia hii. Ulimi ukishakufa ganzi, unachobaki nacho ni utamu na kilevi. Lakini ya moto ya Mwanza nayo, saa nane mchana, nyuzi 28, chini ya bati, inapandisha kilevi puani mpaka unadhani umemiminiwa konyagi. Inapotakiwa kunyweka ni kwenye nyuzi 10 hadi 13. Kwa vitendo: iweke kwenye friji, itoe, iache mezani dakika 15 mpaka 20 bila kuigusa. Usiku, upepo wa ziwa ukiwa umeanza kuvuma huku Capri Point, dakika 20 zinatosha kabisa. Mchana usijaribu, kunywa kitu kingine.

Walio na tabia ya kunywa bia ya moto wataipenda Scotch ale upesi kuliko wenzao wa baridi. Wameshazoea kuonja kimea. Anayekunywa kilichoganda hajawahi kuonja kimea maishani mwake, ameonja barafu yenye povu.

Glasi iwe pana chini na nyembamba mdomoni. Ukikosa, ya waini inatosha, uijaze nusu tu. Kikombe cha plastiki hapana.

Traquair House Ale

Nianze na hii kwa sababu ndiyo ninayoiweka mbele ya nyingine zote, na sababu ninazo.

Traquair ni jumba la kale karibu na Innerleithen, kusini mwa Uskoti, linalotajwa kuwa kongwe kuliko nyumba zote za Uskoti ambazo bado zina watu ndani. Lilikuwa na chumba cha kupikia bia tangu karne ya 18, kikaachwa, kikasahauliwa. Mwenye nyumba, Peter Maxwell Stuart, alikifufua mwaka 1965. Wakati huo hakuna aliyekuwa akizungumzia viwanda vidogo vya ufundi kama tunavyozungumza leo. Bia inachachushwa kwenye mapipa makubwa ya mti wa mwaloni, jambo ambalo karibu viwanda vyote vimeshaliacha kwa sababu chuma cha pua ni rahisi kuosha. Kilevi ni asilimia 7.2.

Imimine ikiwa imetoka friji, uinuse: kuna karameli kidogo na basi. Iache. Baada ya robo saa inarudi ikiwa bia nyingine. Kwanza zabibu kavu, kisha ganda la mkate uliokaribia kuungua, kisha harufu ya mbao, ile ya kufungua kabati la bibi. Ukinywa, utamu unaingia mbele, lakini haukai. Unapomeza, mti unaukausha, na kinywa kinabaki safi kikitamani kijiko cha chakula. Huo ukavu wa mwisho ndio unaoitofautisha na wenzake. Bia nyingi za aina hii zinakuchosha kufikia nusu ya chupa kwa sababu utamu unajirundika. Traquair hairundiki.

Ubaya wake ni kwamba haina mbwembwe. Mtu uliyemwita aje aonje "bia kali ya Uskoti" akitegemea kushtuka, anaweza kuuliza kama ndiyo yenyewe. Chupa nazo ni za kioo kizito, na safarini zinahitaji kufungwa khanga mbili.

Nyumba hiyo hiyo inapika nyingine, Jacobite Ale, asilimia 8, yenye giligilani ndani. Walianza kuipika mwaka 1995 kukumbuka miaka 250 tangu uasi wa 1745 wa Waskoti walioitwa Jacobite. Kwa mtu aliyelelewa na pilau, hiyo giligilani inafanya kazi yake. Lakini kama ni chupa moja tu, chukua House Ale.

Skull Splitter

Hii inatoka Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, na jina lake la kupasua fuvu ni la chifu wa Waviking, Thorfinn Einarsson. Asilimia 8.5. Jina linatisha kuliko bia. Ni laini, ya matunda, tende na matobolwa yaliyokaa juani yakaiva utamu, na kilevi kimejificha chini kabisa usikione. Hapo ndipo penye hatari. Inanyweka kama ya asilimia 5, na ukisimama kwenda msalani ndipo unapata taarifa.

Ni bia ya kugawana baada ya chakula, watu wanne chupa mbili. Kwa mama mkwe anayependa waini tamu ya Dodoma, hii ndiyo ya kumpa. Usimtafsirie jina tu.

Dirty Bastard na Old Chub

Hizi za Marekani mtu huzifananisha kwa sababu zote ni kali, zote zimekolea rangi, zote zinatoka kwenye viwanda vilivyoanza vikiwa vidogo. Ukizikalisha pamoja zinaachana haraka.

Dirty Bastard ya Founders, Grand Rapids, jimbo la Michigan, ina asilimia 8.5 na imepikwa kwa aina saba za kimea kutoka nje. Lakini angalia uchungu: IBU 50. Hiyo imekipita mbali kiwango cha majaji nilichokitaja hapo juu. Wamarekani walivyo na mapenzi yao na hopsi, hawakuweza kujizuia. Matokeo yake ni kwamba utamu na uchungu vinasukumana mdomoni kama makonda wawili wa stendi ya Nyegezi wakigombea abiria mmoja. Mnywaji wa Guinness atajisikia nyumbani, maana ameshazoea bia inayomjibu. Mnywaji wa Traquair ataona kelele. Mimi naiheshimu, lakini siitaki mara mbili kwa usiku mmoja. Ipo pia kaka yake, Backwoods Bastard, iliyolazwa kwenye mapipa yaliyokuwa na wiski ya bourbon. Hiyo ni ya kunywa kwa kijiko, na bei yake inaumiza.

Old Chub ya Oskar Blues, kutoka Colorado, ni asilimia 8 na inakuja kwenye kopo. Oskar Blues walianza kuweka bia zao kwenye makopo mwaka 2002, kipindi ambacho wenzao wengi wa viwanda vidogo waliona kopo ni aibu. Kwa anayesafirisha mpaka Mwanza, kopo ni neema: halipasuki kwa urahisi, ni jepesi, na mwanga hauingii. Ndani kuna kimea kidogo kilichokaushwa kwa moshi wa kuni za mti wa beech. Moshi huu ni wa heshima. Unausikia mwanzoni, kisha unapisha chokoleti na karameli zipite. Ina utamu kuliko Dirty Bastard, na ni nzito kuliko Traquair bila ule ukavu wa mti.

Kwa hiyo kama ndugu anatokea Marekani, aje na Old Chub. Kama anatokea Uingereza, Traquair. Dirty Bastard nampa tu rafiki ambaye ukimwekea Guinness na bia nyingine mezani, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye Guinness.

Chakula kinaamua zaidi ya lebo

Niseme mapema: kwa sato wa kuchoma, aliyekamuliwa limao na pilipili, hakuna hata moja kati ya hizi inayofaa. Sato ana nyama laini, na kimea kizito kinamlalia. Agiza Balimi au Safari, ya baridi, ufurahie samaki wako kwa amani. Sangara wa mchuzi mzito wa nyanya anaweza kustahimili Traquair, kwa shida.

Mambo yanabadilika likija suala la kitimoto. Mafuta yale, chumvi ile, na ule ukoko uliokauka kwenye karai vinahitaji bia yenye mwili. Old Chub hapa inashika nafasi ambayo lager haijawahi kuiweza: moshi wake mdogo unakutana na nyama, utamu unakutana na chumvi, na kilevi kinakata mafuta mdomoni. Weka ndizi za kuchoma pembeni, punguza pilipili, kwa kuwa pilipili na kilevi cha asilimia 8 vikikutana vinachomana.

Mbuzi choma ni wa Traquair. Nyama ya mbuzi ina ladha yake isiyotaka kusaidiwa sana, na ule ukavu wa mwisho unasafisha mafuta bila kuongeza sukari. Skull Splitter ibaki kwa kashata, au karanga za kukaanga na matobolwa, wakati watu wameshakula na mazungumzo yameanza kuwa marefu.

Hesabu ya kilevi

Watu hudharau vichupa hivi kwa udogo wake, hivyo tuhesabu. Bia yetu ya kawaida, chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5, ina mililita 25 za kilevi halisi. Traquair, mililita 330 kwa asilimia 7.2, ina karibu 24: sawa na chupa yetu kubwa moja, kwa theluthi mbili ya ujazo. Skull Splitter ya 330 inafika 28. Old Chub, kopo la mililita 355, inafika 28 na ushee. Dirty Bastard ya 355 inapita 30.

Wale wa Fowler's walijua walichokuwa wakifanya kuiuza kwenye kichupa cha chini ya mililita 200. Mtu aliyezoea kuamka salama baada ya lager nne, akinywa Dirty Bastard nne amekunywa karibu tano, na amezinywa haraka kwa kuwa ni ndogo. Moja inatosha usiku mmoja, mbili ni sherehe. Pikipiki iache pale pale, panda ya mwingine.

Ukizikosa zote

Ndugu hasafiri mwaka huu, na baa haina hata moja. Nyeusi zetu mbili zinaweza kukupa picha, kila moja upande wake.

Guinness inafanana na Scotch ale kwa rangi tu. Sehemu ya uchungu wake inatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, karibu na kahawa, na mwisho wake ni mkavu na mkali. Scotch ale haina shayiri ya kuungua kiasi hicho. Wekundu wake unatoka kwenye karameli. Kwa hiyo ukiipenda Guinness kwa ule ukali wake, jiandae: Traquair na Skull Splitter utaziona pole. Castle Milk Stout iko karibu zaidi. Ndani yake kuna laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, hivyo utamu na unene vinabaki mpaka kwenye glasi yako. Ule unene ndio unaotafuta. Iagize ya moto, kisha umwombe dada wa baa aitie kwenye friji dakika kumi tu, asicheke. Kinywaji utakachopata hakitakuwa na zabibu wala mbao, lakini mdomo utakuwa umeelewa bia nzito ni nini.

Rubisi ya Kagera huwa inatajwa kwenye mazungumzo haya, kwa kuwa ni nzito na ina utamu. Naiacha kwa sababu moja: ina uchachu wa ndizi na mtama unaokwenda njia nyingine kabisa. Inastahili makala yake.

Ukikutana na lebo usiyoijua

Viwanda vidogo vinazaliwa kila mwaka, na siku moja utaletewa Scotch ale ya mahali ambapo hujawahi kupasikia. Geuza chupa. Tazama kilevi kwanza: chini ya asilimia 6.5, hiyo ni bia ya Kiskoti ya kawaida, nzuri kwa mchana, lakini siyo nzito unayoitafuta. Tazama IBU kama imeandikwa: ikizidi 40, tegemea tabia ya Dirty Bastard. Tafuta neno peat, yaani mboji ya kuchoma inayotoa ule moshi wa wiski. Likiwepo kwa herufi kubwa mbele ya chupa, mpishi anajivunia moshi wake na utaunywa upende usipende. Likiwepo kwa herufi ndogo nyuma, kwenye orodha ya vimea, kuna matumaini.

Kama huna mpango wa kuifungua leo, ihifadhi. Bia hizi hazina haraka, na kilevi chao na sukari yao vinazibeba miaka kadhaa zikiwa gizani na mahali penye ubaridi. Juu ya kabati chini ya bati la Mabatini siyo mahali hapo: joto linaizeesha vibaya, mpaka inaonja karatasi iliyolowa. Sakafuni, pembe ya chumba kisichopigwa jua, chupa ikiwa imesimama, inaweza kungoja mpaka Krismasi.